Mguu wa Bwana Shamba

Mume wangu alistaafu ubwana shamba akiwa na afya njema na maoni mengi. Afya ilianza kutikisika mwaka uliofuata. Maoni yapo palepale mpaka leo.

Miaka yote ya kazi yake alizunguka vijiji vya Ikungi na Iramba, mkoani Singida, kwa pikipiki. Akifika shambani kwa mtu hushika jani la mtama au la alizeti, hulipindua upande wa chini, na humwambia mwenye shamba kinachomsumbua kabla mwenyewe hajamaliza salamu. Mara nyingi alipatia. Hilo ndilo lililotuponza, kwa sababu mtu aliyezoea kupatia hawezi kukaa kwenye benchi akasubiri mwenzake amwambie anaumwa nini.

Mambo yalianzia Sepuka, kwenye shamba la familia yao, siku ya kupakia alizeti. Mdogo wake alikuwa ameleta vijana wa kupandisha magunia kwenye trela, na vijana wakawa wanavutana mashati na kutaniana. Mume wangu akachoka kuwaangalia.

"Mnasubiri nini? Gunia la alizeti hilo, si mahindi!"

Akainama, akalikumbatia gunia, akageuka nalo nusu mzunguko, akalitupa juu ya trela. Vijana wakapiga makofi. Mimi nilikuwa pembeni napepeta, nikaona kitu ambacho wao hawakukiona. Baada ya gunia kutua, alibaki amesimama mikono kiunoni, anatazama mbali kama mtu anayekagua shamba la jirani. Upande ule hakukuwa na shamba. Palikuwa na mawe tu.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Jua," akasema, akaenda kukaa kivulini kwa hatua za mtu aliyebeba maziwa.

Siku chache alitembea ameinama upande mmoja, akisema godoro letu limechoka. Kisha mgongo ukatulia, akafurahi, akalisamehe godoro. Lakini maumivu hayakuwa yameondoka, yalikuwa yamehama tu. Yalishuka kwenye kalio la kulia, yakapita ubavuni mwa paja, yakafuata upande wa nje wa muundi mpaka juu ya unyayo na kuishia kidole gumba. Alisema ni kama mtu amemlaza waya wa umeme ndani ya mguu na kuna mwingine anauwasha na kuuzima. Akikohoa, unawaka. Akikaa sana, unawaka. Chafya ikimjia, hukimbilia kwanza fremu ya mlango aishike.

Kwetu Mwankoko mtu akiumwa hakosi waganga. Jirani yangu, mama mmoja mwenye huruma na sauti kubwa, alisikia chafya moja kupitia ukutani akaja na jibu.

"Hizo ni figo. Anywe maji mengi."

Akanywa maji mengi. Mguu ukaendelea kuuma, tofauti tu ni kwamba sasa aliuburuta kwenda chooni mara nyingi zaidi. Akaenda maabara moja ya mtaani, wakapima mkojo, wakamwambia ana UTI. Sijawahi kuona mtu akitoka pale hana UTI. Akameza vidonge mpaka vikaisha. Ikaja zamu ya baridi yabisi: nikawa namchua kila jioni kwa dawa iliyokuwa na harufu kali kiasi kwamba kuku wetu walihamia uani kwa jirani. Mwishowe mdogo wake akapiga simu kutoka Sepuka kusema kwamba huo si ugonjwa, kaka ametegewa, amekanyaga kitu, na kuna mtu anamjua anayeweza kukitoa.

Mume wangu alicheka sana kwenye simu ile. Mtu wa sayansi ni lazima acheke. Ila niliona amecheka muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mimi sikusoma kilimo wala udaktari, nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, lakini nilikuwepo siku ya gunia. Nikamwambia, "Si wewe uliyekuwa unawaambia watu jani likinyauka waangalie mzizi? Mguu wako ndio jani. Twende wakaangalie mgongo."

"Mgongo umepona. Unaouma ni mguu. Na mimi si muhogo."

Basi nikamwacha. Ukiishi na mtu miaka mingi unajua ni ugomvi upi una faida.

Kilichotupeleka hospitali ni ndala. Ijumaa moja alirudi kutoka msikitini mguu mmoja umevaa, mwingine mtupu. Siku hizo alikuwa akisali amekaa kwenye kiti nyuma ya safu, kwa kuwa kurukuu kulimshinda, na jambo hilo lilikuwa limeshamkasirisha vya kutosha. Sasa akasimama mlangoni akilalamika kwamba dunia imeharibika, watu wanaiba ndala msikitini, tena wanaiba moja.

Nilitoka nikafuata njia, nikaikuta imelala karibu na uzio wa jirani. Ilikuwa ya mguu wa kulia.

"Imekuvuka hapa karibu. Hukuhisi?"

Akaiangalia ndala, akauangalia mguu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na maoni. Akakaa chini akajaribu kuinua kidole gumba. Cha kushoto kikanyanyuka. Cha kulia kikatetemeka kidogo tu, kikalala.

Asubuhi tulikuwa mjini hospitali.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo, umri wa mtoto wetu wa mwisho. Aliposimama na kusema, "Shikamoo baba, shikamoo mama," nikamwona mume wangu analegeza mabega. Mtoto ana adabu. Mume wangu akaketi nusu kalio, kama alivyozoea siku hizo, akaanza kumweleza kwamba ana tatizo la mishipa ya mguu, linalotokana na baridi, na kwamba angependa apewe sindano ya mishipa.

Binti akamsikiliza mpaka mwisho, akaandika kidogo, kisha akauliza kwa sauti ileile ya adabu, "Baba, haja ndogo unaipata vizuri? Haijawahi kukutoka bila wewe kujua? Na haja kubwa je?"

Mume wangu akanigeukia kama vile nimempeleka kituo cha polisi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimeleta mguu."

"Nimekuelewa baba. Na sehemu unayokalia, na hapa katikati ya mapaja, pana ganzi?"

Mume wangu akageukia dirisha. Daktari akaweka kalamu chini.

"Nisamehe kwa kuuliza. Wakati mwingine mguu unaumizwa na mgongo. Mishipa ya fahamu ya chini kabisa kule ikigandamizwa, mtu anashindwa kuzuia haja, anapata ganzi sehemu hizo, na hapo hatusubiri hata kesho, anakwenda kwenye upasuaji. Ndiyo maana naanza na la aibu."

Alijibu akiwa anatazama dirishani. Kila kitu kilikuwa salama.  

Akaulizwa kama ana homa, kama anapungua mwili bila sababu, kama alipata kuanguka. Hapana, hapana, hapana. Hizo alizijibu haraka kwa sababu hazikuwa na aibu.

"Ilianzaje?"

"Ilianza yenyewe."

"Gunia," nikasema.

Sikupanga kusema. Nilikuwa nimekaa kimya kwenye kona na mkoba wangu mapajani kama mke wa mgonjwa anavyotakiwa. Daktari akageuza kiti.

"Gunia gani, mama?"

Nikamweleza: kuinama, kugeuka nalo, kusimama akitazama mawe, kutembea upande, mgongo kupona na mguu kuanza, chafya, ndala. Mume wangu aliingilia mara moja tu, kusahihisha kwamba gunia lilikuwa la alizeti, si zito hivyo. Daktari alikuwa akiandika sasa, tena kwa kasi, na nikaona kwamba gunia langu lilimsaidia kuliko mishipa na baridi yote aliyoelezwa.

Kisha akamwomba avue suruali, abaki na bukta. Hapo nilidhani mume wangu angeondoka. Alivua, akaikunja suruali taratibu kana kwamba anaipeleka dukani, akasimama katikati ya chumba.

"Tembea kwa ncha za vidole, baba."

Akatembea vizuri tu, hata kwa majivuno.

"Sasa kwa visigino."

Kisigino cha kushoto kilitii. Unyayo wa kulia ulikuwa ukianguka, pwa, pwa, kama ndala iliyolowa. Akajaribu tena akishika ukuta. Pwa. Akasema sakafu inateleza.

Akalazwa kitandani chali. Daktari akaushika mguu wa kulia kisiginoni, goti limenyooka, akaanza kuuinua polepole. Haukufika hata nusu ya njia. Mume wangu akakamata ukingo wa kitanda akatamka neno la Kinyaturu ambalo sijalisikia tangu mbuzi wetu alipokula kanzu yake ya Idi.

"Yanafika wapi hayo maumivu? Yanabaki nyuma ya paja au yanashuka?"

"Mpaka kidole gumba!"

Akaushusha, akachukua wa kushoto, ule mzima, akauinua juu. Mume wangu akaruka tena, akashika mguu wa kulia.

"Wewe umeinua huu, unauma ule! Huo ni mtindo gani?"

"Ndiyo mtindo niliokuwa nautafuta," daktari akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Akagonga magoti na visigino kwa kinyundo cha mpira, miguu ikaruka ilivyotakiwa. Kisha akawa anamgusa kwa pamba na kwa pini, huku na huku, anauliza kama ni sawasawa. Macho yakiwa wazi, mume wangu alisema ni sawa kila mahali. Yalipofumbwa, juu ya unyayo wa kulia pini ilipita akawa bado anaisubiri. Mwisho akamwambia avute vidole gumba kuja juu, na yeye akavizuia kwa vidole vyake viwili. Cha kushoto daktari hakukiweza. Cha kulia alikishusha kama anayefunga kitabu.

Nilimwona mume wangu anakiangalia kile kidole. Alikuwa na uso ambao wakulima wake walikuwa nao alipowaambia wang'oe shamba lote.

"Nadhani ni diski, baba," daktari akasema akimsaidia kukaa. "Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna kitu kama kimto. Nje kigumu, ndani laini, kama uji ulioganda. Ganda likichanika, ule uji unasukumwa nje. Kama kuna mshipa wa fahamu hapo karibu, unagandamizwa. Mshipa huu wako unatoka kiunoni unaishia hapa kidoleni. Mgongo ndio unaoubana, wewe unausikia mguuni."

Sikusema neno. Nataka iandikwe mahali fulani kwamba sikusema neno, wala sikutaja muhogo.

"Basi nipige eksirei," mume wangu akasema.

"Eksirei itatuonyesha mifupa, baba. Diski haionekani huko. Ungekuwa umeanguka, au una homa, ningekupiga."

"Kwa hiyo utanitibu bila kipimo?"

"Baba, mimi nimekupima tangu ulipoingia."

Akafafanua kwamba kama yangekuwa maumivu peke yake, angempa dawa na kumwambia arudi nyumbani asubiri wiki kadhaa, kwani wengi hupata nafuu bila hata picha. Lakini kidole kimepoteza nguvu, na hilo halikumpendeza. Alitaka picha ya MRI, na siku zile ilibidi tuifuate Dodoma.

Nje ya chumba, mume wangu alianza kunong'ona kabla mlango haujafunga. "Nyundo na pini! Kama fundi viatu!" Njiani akanipitisha kwenye kituo kimoja binafsi, akajilipia eksirei. Majibu yakasema mifupa ni ya kawaida kwa umri wake. Aliposoma "ya kawaida" akaniangalia kwa ushindi. Aliposoma "kwa umri wake" akaikunja karatasi akaitia mfukoni, na eksirei ile hatujaizungumza tena.

Safari ya Dodoma alisafiri amesimama. Alikuwa na siti, tena ya dirishani, lakini kukaa ndiko kulikomuua. Aliwaambia abiria anapenda kuona mashamba. Basi akaning'inia pale akiwaambia watu wasiomuuliza kwamba alizeti ile imepandwa kwa kubanana, na mtama ule umeingiwa na viwavi, na huyu amechelewa palizi. Tulipopita Manyoni nusu ya basi walikuwa wamelala, au wanajifanya.

Kwenye chumba cha MRI kijana wa mashine alimwambia atoe kila chenye chuma: saa, miwani, mkanda, funguo. Akamwuliza kama ana chuma chochote ndani ya mwili. Hana. Akamwambia avue shati.

Mume wangu akasita.

"Mzee, shati unavua. Kuna gauni hapa."

Shati likavuka, na juu kidogo ya kiwiko palikuwa na bangili ya shaba, imefungwa na uzi mweusi. Nilikuwa nalala na mtu huyu kitanda kimoja, ila siku hizo alikuwa akilala na shati kwa sababu, alisema, ya baridi. Nikatambua kwamba mdogo wake alikuwa amempata yule mtu anayemjua.

"Hii ni ya kuzuia... mzunguko wa damu," akaniambia.

Nikanyoosha mkono, akaiweka kiganjani kwangu, nikaitia kwenye mkoba. Nje nilisikia mashine ikigonga na kunguruma, nikamwombea. Alipotoka alikuwa amepauka, lakini maoni yamerudi.

"Mashine ile ina tatizo la beringi," akasema. "Niliwaambia."

Tuliporudi Singida na picha, binti daktari aliziweka kwenye mwanga, akazitazama kwa muda mrefu bila kusoma ile karatasi ya majibu. Hata mimi niliona: pingili zimepangana vizuri, na kati yao vimto, vingine vyeupe, vingine vyeusi, viwili vitatu vimetuna nyuma. Mume wangu akahesabu akakauka.

"Zote hizo zimetoka?"

"Hizi za juu usizihofie, baba. Ukiwapiga picha wazee walioketi pale nje wasioumwa mgongo, utazikuta. Ni kama mvi." Akashusha kidole. "Ni hii, kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno. Imetoka upande wa kulia, na imekalia mshipa uleule wa kidole gumba. Kama picha ingenionyesha kushoto, ningesema picha haituhusu."

"Kumbe ulikuwa unajua. Dodoma ulinipeleka ya nini?"

"Nilikuwa nadhani, baba. Daktari wa upasuaji hawezi kukupasua kwa kudhani kwangu."

 Akatueleza kwamba alikwishazungumza na daktari wa upasuaji: tujaribu kwanza dawa na mazoezi, kidole kiangaliwe kwa karibu, na kama udhaifu utaongezeka au lile la haja litatokea, turudi mbio. Mume wangu akakubali yote. Mlangoni akageuka akamwambia, "Asante, daktari." Siku ile hakumwita mwanangu.

Maumivu yalipungua kwanza, nguvu ikafuata polepole sana. Kila asubuhi baada ya sala alilala kifudifudi kwenye mkeka sebuleni akainua kifua, kama alivyofundishwa na mtu wa mazoezi, kisha akakaa akakiamuru kidole kinyanyuke. Mwanzoni kilikuwa kikifikiria. Siku kilipoinuka sawa na mwenzake aliniita kutoka jikoni nikakione, nikaja na mikono yenye unga, tukakitazama wote wawili kama wazazi. Nililia kidogo. Yeye akafuta macho akasema ni moshi.

Bangili sikumrudishia, naye hakuiulizia.

Hapo ndipo tabu ya pili ilipoanza, kwa sababu mume wangu sasa alikuwa daktari. Hakuna mtu aliyelalamika kiuno Mwankoko akasalimika. Mume wa jirani yangu alikuja akichechemea, ameshika kalio, akalazwa mkekani pale pale. Mguu ukainuliwa. Akapiga kelele. Akainuliwa mguu wa pili, akapiga kelele tena.

"Diski," mume wangu akatangaza. "Ya nne na ya tano. Nenda Dodoma, usipoteze muda na eksirei."

Yule bwana alipita kwanza zahanati. Walimgeuza, wakamwangalia, wakampasua jipu.

"Jipu linaweza kukaa juu ya diski," mume wangu alisema habari ilipofika.

Jioni moja wakati wa chakula nikamwambia kwamba goti langu la kushoto lina mwaka wa pili linauma, nikichuchumaa kuchochea moto linalia kama mlango. Nilidhani angelikimbilia. Niliweka mguu tayari kabisa. Hata hakuinua macho kwenye sahani.

"Hilo ni umri," akasema. "Niongeze mlenda."

Nikamwongeza mlenda. Jumatatu nikalipeleka goti hospitali mwenyewe. Waliliangalia, wakalikunja, wakalikunjua, wakasema gegedu, kile kimto cha kati ya mifupa, imeanza kusagika, nikapewa mazoezi na mimi. Sasa asubuhi tunalala wote wawili sebuleni, yeye kifudifudi na mimi chali, kuku wanaingia na kutoka, na yeye, kutoka upande wake wa mkeka, ananiambia nakunja vibaya.